Mgeni yupi aingie? Mfadhili wa silaha, mpatanishi na mlinzi wa amani katika nchi iliyogawanyika

Tarehe 15 Januari 1975, vyama vitatu vilivyopigania uhuru wa Angola vilitia saini mkataba huko Alvor, kusini mwa Ureno. MPLA ya Agostinho Neto, FNLA ya Holden Roberto na UNITA ya Jonas Savimbi vilikubaliana kuunda serikali ya mpito ya pamoja, kisha kwenda kwenye uchaguzi. Siku saba baadaye, tarehe 22 Januari, kamati ya siri ya serikali ya Marekani iliidhinisha dola 300,000 kwa FNLA. Hazikuwa hata fedha za bunduki. Zilikuwa za kazi za kisiasa. Wala Marekani haikuwa ya kwanza kutia mkono. Wasovieti walikuwa wakiisaidia MPLA tangu miaka ya 1960, Mobutu wa Zaire alikuwa na Roberto, na China nayo ilikuwa na wakufunzi wake katika kambi za FNLA. Lakini fedha zile zilifika wiki ileile ambayo watu hawa watatu walipaswa kuanza kujifunza kuishi pamoja, na zikamwambia mmoja wao kwamba halazimiki.

Kabla mwaka haujaisha, jeshi la Afrika Kusini lilikuwa limevuka mpaka kutoka Namibia, askari wa Cuba walikuwa wakishuka Luanda kwa maelfu, na uchaguzi haukufanyika. Vita viliisha rasmi tarehe 4 Aprili 2002.

Nimeanza na Angola kwa sababu inaonyesha jambo ambalo nadhani hatulitazami vya kutosha. Mgawanyiko wa kisiasa peke yake hauleti vita. Watu wa vyama vinavyochukiana huweza kuishi nchi moja vizazi viwili vitatu, wakitukanana bungeni na kuoana mitaani. Mwanasiasa asiye na mtu nyuma yake anajua kwamba bajeti haipiti, barabara hazipitiki na kodi hazikusanyiki bila kusikilizana kwa namna fulani na yule asiyempenda. Hatari huanza siku anapoacha kumhitaji. Na mtu wa nje, akija na fedha, ndege au askari, ndiye awezaye kumfikisha siku hiyo haraka kuliko mwingine yeyote.

Hata hivyo siwezi kusema wageni wote wafungiwe mlango. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na zipo nchi zilizopona kweli kwa sababu ya mgeni. Kwa hiyo hapa chini nawaweka wageni watatu bega kwa bega: anayeleta silaha, anayeleta meza, na anayeleta askari wa kusimama katikati. Nawapima wote kwa kipimo kimoja: baada ya huyu kuingia, je, viongozi wetu watahitajiana zaidi au kidogo? Mwananchi, kiongozi wa dini, mwandishi wa habari au mwanachama wa chama atakayetakiwa kumuunga mkono mmoja wao anaweza kuuliza swali hilohilo.

Anayeleta silaha

Sifa yake ni kasi. Mpatanishi huhitaji wiki hata kupanga viti. Mfadhili wa silaha anaweza kubadili hali kwa ndege chache.

Julai 1936 majenerali wa Hispania waliasi dhidi ya serikali iliyochaguliwa, na uasi wao ukakwama. Madrid, Barcelona na Valencia zilibaki upande wa serikali, na mabaharia wengi waliwageuka maofisa wao. Jeshi bora la waasi, chini ya Franco, lilikuwa ng'ambo ya bahari, Moroko, bila njia ya kuvuka. Hitler akatoa ndege 20 za uchukuzi aina ya Junkers Ju 52, na Mussolini akatuma ndege za kivita. Askari wakavushwa kwa anga hadi kusini mwa Hispania, na jaribio la mapinduzi lililokuwa likififia likageuka vita vya karibu miaka mitatu. Serikali nayo ikatafuta wake: Oktoba mwaka huohuo takriban tani 510 za dhahabu ya taifa zilipakiwa melini katika bandari ya Cartagena kwenda Umoja wa Kisovieti.

Hapa pana jambo la kushika. Silaha hatari kuliko zote ni zile zinazomfikia aliyekuwa karibu kushindwa, saa ileile ambayo angelazimika kutafuta masharti ya kuacha. Anayezituma huona ameokoa rafiki. Kumbe ameiondoa ile saa, na saa ya namna hiyo hairudi upesi, kwa sababu sasa upande wa pili nao umejifunza kwamba wa nje wanapatikana.

Libya ilipitia hali hiyo mara mbili ndani ya miaka kumi. Aprili 2011, wakati ndege za NATO zilikuwa tayari angani, ujumbe wa marais wa Umoja wa Afrika ulikwenda Tripoli na mpango wa kusitisha mapigano. Muammar Gaddafi akaukubali. Siku iliyofuata viongozi wa waasi mjini Benghazi wakaukataa kwa kuwa haukumtaka aondoke. Sisemi Gaddafi alistahili kuaminiwa. Nasema tu kwamba mtu anayelindwa kutoka angani ana sababu ndogo ya kuketi na adui yake, na waasi walifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Kisha mwaka 2019, baada ya kazi ndefu, mjumbe wa Umoja wa Mataifa Ghassan Salamé aliitisha mkutano wa kitaifa katika mji wa Ghadames, uanze tarehe 14 Aprili. Tarehe 4 Aprili, Katibu Mkuu António Guterres akiwa yupo Tripoli kwa maandalizi hayohayo, Khalifa Haftar, kamanda aliyetawala mashariki mwa Libya, akaliamrisha jeshi lake kuuvamia mji huo. Nyuma yake walikuwepo Falme za Kiarabu na Misri, na baadaye mamluki wa Urusi. Serikali ya Tripoli ikaiita Uturuki, ambayo iliingia waziwazi mwanzoni mwa 2020. Wakati wote huo marufuku ya silaha ya Baraza la Usalama, iliyowekwa tangu Februari 2011, ilikuwa bado halali kisheria.

Bei ya mfadhili huyu hulipwa muda mrefu baada ya yeye kuondoka. Turudi Angola. Wakuba walimaliza kuondoka mwaka 1991, Afrika Kusini ilikuwa imeshajitoa, na vita baridi vilikuwa vimekwisha. Uchaguzi ulifanyika Septemba 1992, Savimbi akashindwa, akarudi porini. Hakuhitaji tena Washington wala Pretoria kama zamani: alikuwa na almasi, na serikali ilikuwa na mafuta. Jeshi lililojengwa kwa fedha za wengine lilikuwa limejifunza kujilisha. Vita vikaendelea karibu miaka kumi zaidi, hadi alipouawa Februari 2002. Anayesema "tutachukua silaha zao sasa, tukishinda tutawaambia waondoke" anasahau kwamba kinachobaki ni jeshi lisilojua kazi nyingine.

Sudan ni mfano wa karibu zaidi, na unaniumiza kuuandika kwa sababu bado unaendelea. Mwanzoni mwa 2023 mzozo mkubwa kati ya jeshi la Abdel Fattah al-Burhan na kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo, anayejulikana kama Hemedti, ulikuwa na tarakimu mbili. Jeshi lilitaka RSF iingizwe ndani yake kwa miaka 2. RSF ilitaka miaka 10. Kati ya mbili na kumi pana nafasi kubwa ya kukutana. Lakini kila upande ulikuwa na marafiki wake nje, fedha zake, na kwa RSF, dhahabu na wapiganaji waliowahi kupelekwa Yemen kupigana upande wa muungano ulioongozwa na Saudi Arabia. Tarehe 15 Aprili risasi zililia Khartoum. Baadaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba madai ya Falme za Kiarabu kuipatia RSF silaha yanaaminika. Falme za Kiarabu zimekanusha. Misri imesimama na jeshi. Watu zaidi ya milioni 10 wameyahama makazi yao.

Anayeleta meza

Ukiilinganisha Sudan na Kenya ya mwaka 2008, tofauti ya kwanza unayoiona ni idadi ya meza.

Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa siku tatu baadaye nchi ikawaka. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao. Wageni walikuja kwa wingi: Askofu Mkuu Desmond Tutu, Rais John Kufuor wa Ghana, wajumbe wa Marekani na Ulaya. Kisha tarehe 22 Januari 2008 akafika Kofi Annan kwa niaba ya Umoja wa Afrika, akiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa. Jambo ambalo nadhani liliiokoa Kenya ni msimamo wa Annan kwamba upatanishi uwe mmoja. Balozi, rais jirani au taasisi iliyotaka kusaidia ilitakiwa isaidie kupitia meza ileile. Washington ilipotishia kuwanyima viza wanaokwamisha mazungumzo, tishio hilo lilikuwa likisukuma mlango uleule ambao Annan alikuwa akiusukuma. Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, aliingia siku za mwisho, naye akakaa upande huohuo. Tarehe 28 Februari Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana madaraka.

Kwa nini meza moja inafaa hivyo? Kwa sababu inamnyima kiongozi nafasi ya kuchagua. Mazungumzo yakiwa mengi, yule asiyependa anachoambiwa hapa husema anasubiri ya kule. Nchini Sudan kulikuwa na Jeddah chini ya Saudi Arabia na Marekani, IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake), Umoja wa Afrika, mkutano wa majirani Cairo, mazungumzo ya kimya Manama, kisha Geneva Agosti 2024, ambako jeshi halikwenda kabisa. IGAD ilipomwalika Hemedti kwenye mkutano wake Januari 2024, serikali ya Burhan ilisitisha uanachama wake. Sidhani waandaaji wa mikutano hiyo walikuwa na nia mbaya. Lakini kwa kipimo chetu, meza sita huwapunguzia mahasimu haja ya kukutana, kwa kuwa daima ipo nyingine ya kukimbilia.

Tofauti ya pili ni kama mpatanishi ana bunduki chini ya meza. Mapigano yalipozuka Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, tarehe 15 Desemba 2013 kati ya wafuasi wa Rais Salva Kiir na wa Riek Machar, Uganda ilituma jeshi kumsaidia Kiir ndani ya siku chache. Uganda hiyohiyo ilikuwa mwanachama wa IGAD, na IGAD ndiyo iliyosimamia mazungumzo. Jeshi hilo huenda liliizuia Juba isianguke, na wanaolitetea husema mauaji mengi yaliepukika. Sina sababu ya kuwapuuza. Ila mazungumzo yalikwenda na mhusika mmoja anayejua hawezi kushindwa, na mwingine asiyewaamini waliomwalika. Mkataba wa Agosti 2015 ulivunjika Julai mwaka uliofuata. Baraza la Usalama liliweka marufuku ya silaha Julai 2018 tu, zaidi ya miaka minne baada ya vita kuanza, na mkataba mwingine ukasainiwa Septemba mwaka huo. Watafiti walikadiria mwaka huohuo kwamba vita hivyo vilikuwa vimesababisha vifo karibu 383,000.

Halafu iko Msumbiji, na hapa naomba nikae kidogo, maana ni nchi ambayo ingeweza kwa urahisi kuwa Angola ya pili. Kundi la waasi la RENAMO liliundwa kwa mkono wa idara ya ujasusi ya Rhodesia, kisha likalelewa na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. FRELIMO, chama tawala, nayo ilikuwa na washauri wa Kisovieti na askari kutoka Zimbabwe na Tanzania. Mwaka 1984 Samora Machel alijaribu kulimaliza jambo kwa kuzungumza na mfadhili badala ya mpinzani: alitia saini mkataba wa Nkomati na P. W. Botha wa Afrika Kusini, kila mmoja akiahidi kutomsaidia adui wa mwenzake. Vita havikuisha, kwani misaada kwa RENAMO iliendelea kwa siri, na walioipigania walikuwa tayari na maisha yao porini.

Mkono uliofanikiwa ulikuwa mdogo kabisa. Jumuiya ya Sant'Egidio ya Roma, watu wa Kanisa Katoliki wasio na jeshi, mafuta wala mpaka na Msumbiji, ilikuwa imejenga urafiki na pande zote mbili kwa miaka. Mazungumzo yalianza Roma Julai 1990 na kumalizika kwa mkataba wa tarehe 4 Oktoba 1992 kati ya Rais Joaquim Chissano na kiongozi wa RENAMO, Afonso Dhlakama. Miaka miwili na zaidi ni mingi kwa mtu anayesubiri chakula, na ukame wa 1992 ulikuwa mkali. Lakini ukame huo, pamoja na kubadilika kwa siasa Afrika Kusini, ndivyo vilivyofanya pande zote zikose pa kukimbilia. Mpatanishi hufaulu pale wafadhili wanapochoka au wanapozuiwa. Akija mapema mno, mbele ya pande zinazopokea silaha kila wiki, anakuwa pambo.

Udhaifu wa meza lazima usemwe pia. Hugawana madaraka kati ya waliopigana na kuwaacha waliokaa kimya. Kenya ilipata baraza la mawaziri kubwa kupindukia na haki kidogo kwa waathirika. Nakubali gharama hiyo, kwa sababu naiweka kando ya Khartoum.

Anayesimama katikati

Mlinzi wa amani hulinganishwa vizuri kwa kuangalia aliingia lini na nani aliandika barua ya mwaliko.

Novemba 1992 Rais Kiro Gligorov wa Macedonia aliomba Umoja wa Mataifa utume walinzi kabla risasi haijapigwa nchini mwake, akiona yanayowapata majirani. Walifika askari takriban elfu moja, wakakaa mipakani, na nchi ikavuka miaka mibaya kabisa ya Balkani. Kikosi kiliondoka mwaka 1999, si kwa sababu kazi ilikwisha, bali China ilitumia kura ya turufu baada ya Macedonia kuitambua Taiwan. Miaka miwili baadaye mapigano kati ya waasi wa Kialbania na serikali yalizuka kweli. Mgeni mpole kabisa naye ana mabwana wake, na ugomvi wao unaweza kukuondolea paa bila wewe kuulizwa.

Lebanon iko upande wa pili. Jeshi la Syria liliingia kwa nguvu Juni 1976, likiokoa upande wa Wakristo uliokuwa ukizidiwa, kisha likabadilisha marafiki kadiri miaka ilivyopita. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa hadi tarehe 26 Aprili 2005, miaka karibu 29, na kwa muda mrefu hakuna rais wala waziri mkuu aliyepatikana Beirut bila kauli ya Damascus. Walebanoni walihitaji kibali cha Syria kuliko walivyohitajiana.

Mlinzi anayekuja baada ya mkataba ni wa aina nyingine, na hapo idadi ina maana. Angola ya 1992 ilipewa waangalizi wa kijeshi mia kadhaa tu kwa nchi kubwa kuliko Ufaransa na Hispania zikiunganishwa. Majeshi hayakuwa yamevunjwa watu walipokwenda kupiga kura. Msumbiji ilipewa zaidi ya askari 6,000, wapiganaji wakarudishwa uraiani kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1994, na ukaundwa mfuko wa fedha wa kuigeuza RENAMO kuwa chama. Wapo waliokasirika kwamba waliochoma vijiji wanalipwa. Nawaelewa. Lakini mtu aliyepoteza uchaguzi akiwa na ofisi, gari na viti bungeni ana jambo la kuogopa kulipoteza, na Savimbi hakuwa nalo.

Pale kumkataa mgeni nako kunaua

Hadi hapa ningeweza kuonekana nasema: silaha kamwe, meza daima. Siwezi kusema hivyo kwa dhamiri safi, kwa sababu ya Hispania na Bosnia.

Mataifa zaidi ya ishirini yalikubali mwaka 1936 kutoingilia Hispania. Ujerumani na Italia zilikuwemo, zikaendelea kutuma ndege na askari. Waliotii walikuwa Uingereza na, kwa sehemu kubwa, Ufaransa, na aliyeumia ni serikali iliyochaguliwa na wananchi. Septemba 1991 Baraza la Usalama lilizuia silaha kwa Yugoslavia yote. Waserbia wa Bosnia walirithi maghala ya jeshi la taifa. Serikali ya Sarajevo ilikuwa na kidogo mno. Julai 1995, katika mji wa Srebrenica uliotangazwa kuwa eneo salama na kulindwa na kikosi cha Uholanzi, wanaume na wavulana karibu 8,000 waliuawa. Kutoegemea upande, pale mmoja tayari ameshikiliwa na mgeni, ni kuegemea upande.

Kwa hiyo kipimo changu lazima kiulizwe kwa pande zote. Silaha zinazomfikisha dhaifu mahali ambapo mwenye nguvu analazimika kuzungumza zinaweza kuongeza haja ya kuhitajiana. Bosnia ilikwenda kwenye mazungumzo ya amani huko Dayton, Marekani, Novemba 1995 baada ya mizani ya uwanjani kugeuka, si kabla. Hii ndiyo sehemu ngumu, na watu waaminifu hukosea hapa pande zote mbili. Hakuna anayekuja akisema nataka ushindi kamili. Kila mmoja husema anasawazisha.

Ukiwa hapa, chagua hivi

Kama nchi imegawanyika lakini risasi haijalia, ningechukua mpatanishi mmoja mapema, na kumkataa kabisa yeyote anayetoa fedha au mafunzo kwa chama au kikosi kimoja, hata kama ni chama changu. Hasa kama ni changu. Zile dola 300,000 zilionekana kidogo mno kuhesabika. Na kama mpaka na jirani aliye vitani ndio unaotisha, ningeomba walinzi kama Gligorov, huku nikijua wanaweza kuondolewa kwa sababu zisizotuhusu, kwa hiyo kazi ya ndani isingoje.

Kama mapigano yameanza na pande zote zinapokea shehena, ningeacha kwanza kudai mkutano mwingine na kudai njia za shehena zifungwe: viwanja vya ndege, bandari, wanunuzi wa dhahabu na almasi. Shinikizo lielekezwe kwa wafadhili wenyewe, kwa majina yao. Meza ifuate, iwe moja, na asiketi mwenyekiti ambaye jeshi lake liko uwanjani.

Kama upande mmoja unaua raia na mwingine hauna kitu, sitamwambia yeyote angoje meza. Hapo ningeukubali ulinzi wa nje, ila kwa mipaka iliyoandikwa: kulinda nini, hadi lini, na mazungumzo yafunguliwe siku ileile. Azimio la tarehe 17 Machi 2011 kuhusu Libya lilihusu kuwalinda raia. Kufikia Oktoba lilikuwa limebeba kuangushwa kwa serikali, na hapakuwa na aliyejiandaa kwa siku iliyofuata.

Na baada ya mkataba, mlinzi awe mwingi, aje upesi, na tarehe ya kuondoka iandikwe na pande zote za nchi.

Swali la nani kaandika mwaliko linanirudisha Roma. Mazungumzo ya kwanza yalipofanyika Julai 1990, wageni wanne waliokuwa chumbani, Andrea Riccardi na Matteo Zuppi wa Sant'Egidio, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira na Mwitaliano Mario Raffaelli, waliitwa watazamaji. Cheo cha upatanishi walipewa baadaye. Ujumbe wa FRELIMO na ule wa RENAMO waliandika taarifa yao wenyewe, vita vikiwa bado vinaendelea nyumbani, na ndani yake wakajitambua kuwa wananchi wenza, watu wa familia moja kubwa ya Msumbiji.